Chombo au Mkono

Jiko lilimkataa Bibi Tupokigwe mbele yangu, tena kwa adabu.

Aliweka kiganja juu ya bamba la kioo, vidole vimetanuka, na ile taa ndogo ya pembeni ikawaka rangi ya chungwa badala ya kijani. Kisha ikatoka ile sauti ya kike ambayo majiko yote ya wilaya yetu huitumia.

"Mkono huu unapumzika. Tafadhali mwite mtu mwingine wa nyumbani."

Bibi akanigeukia. "Umesikia? Chuma nilichokinunua mwenyewe kinaniambia nipumzike. Nimechoka na nini? Nimelima wapi leo?"

Niliweka boksi langu la vifaa sakafuni, nikatafuta pa kufuta miguu, maana nje kulikuwa na matope na Tukuyu ilikuwa imenyeshewa tangu alfajiri.

"Na huyu naye hasemi," Bibi akamwambia mwanawe. "Ambakisye, umeniletea fundi au umeniletea picha ya fundi?"

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni, mtu mzima mwenye mvi, mabega ya koti yamelowa. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mbeya baada ya kata kumpigia simu. "Mwache afanye kazi, Mama," akasema.

"Nimemkataza? Namsalimia tu."

Majiko haya ya kiganja tunayo tangu misitu ya Rungwe ilipofungwa na mkaa ukawa kitu cha kusimuliwa. Hayana kiberiti wala swichi. Unaweka mkono, jiko linakutambua kwa joto la ngozi yako na namna vidole vyako vinavyotetemeka, moto unawaka. Na kwa kuwa linautambua mkono, linaukumbuka pia. Mkono unaowasha moto na kuuacha bila mtu, jiko huanza kuutilia shaka. Shaka ikizidi, linaupumzisha na kuiarifu kata. Hapo ndipo anapoitwa fundi, kwa sababu jiko haliwezi kujihukumu lenyewe.

Fundi hufungua, huangalia, hutengeneza kama kuna cha kutengeneza. Mwisho huweka kiganja chake mwenyewe kwenye kioo na kusema neno moja kati ya mawili: chombo, au mkono. Akisema chombo, ubovu ulikuwa wa jiko, na mabaya yote ambayo jiko lilimdhania mwenye nyumba yanafutika. Akisema mkono, mkono ule unaondolewa. Hautawasha tena jiko lolote, kwake wala kwa jirani. Chakula kitaletwa na mkokoteni wa kata, ndani ya makopo yenye joto, na hakuna anayekufa njaa. Lakini nimeziona nyumba hizo. Huanza kufungwa dirisha moja moja, kisha ndugu huja na gari.

Na fundi akisema uongo, kiganja chake nacho kinaondolewa. Mimi naishi kwa kiganja changu. Sina kazi nyingine.

Nilipotoka kwenda kuzima umeme wa jiko kwenye boksi la ukutani, Ambakisye alinifuata ukumbini.

"Binti, samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Nikuombe kitu. Usimwonee huruma. Kama ni jiko, sema ni jiko. Kama ni yeye, sema ni yeye. Nina chumba Mbeya, nimekipaka rangi, kina dirisha la barabarani. Ataona watu."

"Bibi anataka kwenda?"

Akatazama matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye bati. "Hakuna anayetaka kwenda popote, mwanangu. Tunapelekwa."

* * *

Kabla ya kulifungua jiko ilibidi nilivue nguo. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye mawaridi ya pinki pembeni, kizuri kweli. Bibi alikuwa amekisogeza nusu tu alipokuwa akijaribu mkono wake. Nilikiinua kwa pembe mbili nikashangaa hakikukunjika. Kilisimama kama kipande cha boksi.

"Taratibu na hicho," Bibi akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi kwenye beseni la maji. "Hicho nimekifuma masika nzima."

Kwake hakuna kitu cha maana kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na chake, mtungi wa maji ulikuwa na chake, hata saa ya ukutani ilikuwa na kimoja kama kilemba. Kwetu ndivyo ilivyo. Nyumbani kwa mama yangu mdogo, aliyenifundisha kazi hii, vitambaa vilikuwa vingi kuliko sahani.

"Unalifunika jiko likiwa limepoa, Bibi?"

"Likipoa vumbi si limeshaingia? Nikishapakua tu, nalifunika. Mgeni akiingia akikuta jiko liko uchi atasemaje?"

Nikalilaza jiko ubavu, nikafungua skrubu za chini. Zilipoachia, kifuniko kilitoka pamoja na harufu ambayo sikuitegemea. Haikuwa ya waya ulioungua. Ilikuwa harufu ya kashata.

Bodi ya majiko haya si kubwa, inatoshea kwenye kiganja. Ni ya kijani, na juu yake kuna njia nyembamba za shaba ambazo umeme hupita, kama mifereji ya bustani, kila mmoja na maji yake. Kwenye kona kuna kihisi cha joto, kidude kama punje ya mtama chenye miguu miwili ya waya. Hicho ndicho kinacholiambia jiko kama juu kuna moto au hakuna. Kona yote ile ilikuwa imefunikwa utando wa kahawia, unang'aa, unanata. Ndani ya utando sisimizi walikuwa wamekufa wamepanga mstari, wengine katikati kabisa ya njia mbili za shaba.

Niligusa kwa ncha ya kidole. Nikaonja, ingawa mama mdogo alinikataza kuonja bodi.

"Bibi, hiki kitambaa unakikazaje?"

"Maji ya sukari. Ile stachi ya dukani inageuka njano. Nachemsha sukari mpaka inakuwa nzito, nachovya, naanika. Kwa nini?"

Sikuweza kujizuia kutabasamu. "Jiko lako limekunywa sukari."

Akaacha kumenya. "Nini?"

Nilimwonyesha. Kila alipofunika jiko la moto, mvuke ulipanda ukalainisha kitambaa, na sukari ikashuka tone kwa tone kupitia matundu ya hewa hadi kwenye bodi. Kisha unyevu wa huku kwetu, ambao huzuia nguo kukauka wiki nzima, ukaifanya sukari ile kuwa daraja. Umeme ukaanza kuvuka kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Kihisi kikawa kinaliambia jiko kuna moto wakati jiko ni baridi na mwenye nyumba amelala zake.

"Lilikuwa linaona moto usiokuwepo," nikasema. "Halafu linakusingizia umeuacha."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ni mlafi. Ambakisye, njoo usikie. Jiko lako la kisasa ni mlafi kama marehemu baba yako."

Ambakisye aliingia, akainama, akatazama wale sisimizi muda mrefu. Niliona mabega yake yakishuka. Sijui kama ilikuwa furaha. Labda ilikuwa ni kile chumba cha Mbeya kikitoka mawazoni mwake, na nafuu na huzuni vikipita kwenye mlango mmoja.

"Kwa hiyo ni chombo," akasema.

"Bado sijamaliza, baba."

Nilisugua kona ile kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Utando ulilainika ukatoka kama masizi ya chungu. Chini yake nikakuta mguu mmoja wa kihisi umeliwa na kutu ya kijani, umeshikilia kwa uzi. Nikaukwangua mpaka shaba ikaonekana. Pasi ya kulehemu ilipopata moto, nikagusa mguu kwanza, nikauacha uive, ndipo nikaleta risasi. Ukileta risasi kwenye shaba baridi inajikunja kama tone la maji kwenye jani la gimbi, haishiki. Ukisubiri, inatambaa yenyewe na kukumbatia. Moshi kidogo, harufu ya utomvu, kikashika.

Nilipima kwa mita. Kihisi kilisema baridi, na kweli ilikuwa baridi. Nikakipulizia pumzi, mita ikapanda kidogo, ikashuka. Nikarudisha kifuniko, nikalisimamisha jiko, nikaenda kuwasha umeme wake.

"Sasa kilichobaki ni kupika," nikasema.

Kanuni ndiyo hiyo. Fundi haruhusiwi kusema neno lake mpaka aone chakula kimoja kimepikwa kwenye jiko alilolitengeneza, na kwa mlo huo mmoja jiko huufungulia kwa muda mkono uliopumzishwa.

"Hiyo kanuni aliiweka mtu mwenye akili," Bibi akasema. "Ambakisye, nenda kaniletee maziwa dukani. Mbalaga bila maziwa ni ndizi tu."

Ambakisye akavaa koti lake bichi, akatoka kwenye mvua.

* * *

Bibi aliweka kiganja kwenye kioo. Taa ikawaka kijani. Alifumba macho kidogo, akafumbua, akabandika sufuria.

Mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu anayejua. Aliingiza ndizi, akapima chumvi kwa jicho, akaongeza maji, akafunika. Alikuwa akinisimulia habari za jirani mmoja aliyepeleka ng'ombe wake kwa daktari wa binadamu, na alipofika mahali pa kuchekesha akasimama.

"Ngoja nichume majani ya maboga. Mboga moja haimtoshi mgeni."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nilimsikia akiongea na kuku, kisha akiongea na mtu ng'ambo ya ua, kisha akicheka. Nikakusanya vifaa vyangu. Nikafuta meza. Sufuria likaanza kutoa ile sauti ya maji yanayoisha.

Ilinipasa kuinuka. Mtoto yeyote aliyelelewa na watu, akiona sufuria la mama linaunguza, huinuka akaongeza maji. Miguu yangu yote miwili ilitaka. Lakini nilikuwa nimekaa pale kama fundi, na fundi haongezi maji. Nilikaa nimeshika mikono yangu mapajani.

"Hakuna mtu kwenye moto," jiko likasema.

Nje, Bibi alikuwa bado anaongea.

"Hakuna mtu kwenye moto," likarudia, likangoja, kisha likajizima. Harufu ya kuungua ikasambaa jikoni, si kali, ya chini ya sufuria tu.

Bibi akaingia na majani kwenye upindo wa khanga. Akasimama, akanusa, akalitazama sufuria. Akanitazama mimi kwa uso wa shukrani.

"Kumbe umetupikia," akasema. "Umefanya vizuri, mwanangu. Nilikuwa nawaza tutakula nini."

Nikalivuta boksi langu karibu na miguu.

Akaweka majani mezani, na hapo akayaona maganda ya ndizi kwenye beseni. Akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Akavisugua kimoja kwa kingine, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, Bibi."

Akaketi kwenye kigoda.

"Siku nyingine hainitokei," akasema. "Siku nyingine nakumbuka mpaka mambo ya kabla ya kuolewa. Halafu inatokea. Ni kama mtu amekuja akafagia chumba kimoja." Akatazama jiko. "Lakini limejizima. Umeona? Limefanya kazi yake. Mtoto akichezea kisu unamnyang'anya kisu. Humpeleki mahakamani. Kwa nini hili likishazima lazima likanishtaki?"

Nilifikiri juu ya hilo. Nalifikiria hata leo. Waliotengeneza majiko waliwaza nyumba zinazoungua, na nyumba huungua kweli. Nilizika rafiki wa utotoni kwa sababu ya moto wa aina hiyo, zamani za mkaa. Lakini waliweka maneno mawili tu, na mimi nilikuwa na kweli mbili. Sukari ilikuwa kweli. Sufuria lilikuwa kweli.

"Utasema nini?" Bibi akaniuliza.

"Sijui."

"Ukisema mkono, nitakwenda Mbeya. Mkwe wangu ni mtu mwema, ataniwekea kiti karibu na dirisha. Nitakuwa naletewa sahani na kuuliza hiki nini. Mtu asiye na moto wake ni mgeni, hata akiwa kwa mwanawe. Usimwambie Ambakisye. Huko kuungua tutasema ni jiko, bado linajaribiwa."

Hapo ndipo nilipopata maneno, sijui yalitoka wapi.

"Sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe. Usipomwambia, nitasema mkono."

Bibi akaniangalia kama ndiyo kwanza nimeingia.

"Kumbe picha ina meno," akasema.

* * *

Ambakisye alirudi na maziwa. Bibi akaweka kiganja tena, akahamishia ndizi kwenye sufuria jingine akiacha zile za chini, akamimina maziwa, na safari hii hakuondoka kwenye moto. Alipakua sahani tatu. Tukala.

Ambakisye alitafuna, akasita, akatafuna tena.

"Imeungua, Mama."

Nilitazama sahani yangu.

"Imeungua," Bibi akasema. "Niliiacha nikaenda bustanini. Nikasahau kwamba nimepika. Nilirudi nikamshukuru huyu binti kwa kupika." Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Siyo mara ya kwanza. Ile siku niliyokuambia paka alimwaga maharage, hapakuwa na paka."

Ambakisye aliweka kijiko chini.

"Na jiko?"

"Jiko lilikuwa bovu kweli," nikasema. "Mara nyingi lilimsingizia. Si mara zote."

"Sasa ni chombo au ni mkono?"

"Vyote, baba."

"Hakuna vyote. Wanataka neno moja."

"Najua."

Alijifuta uso kwa kiganja chote, toka paji hadi kidevu. "Ndiyo maana nilisema chumba kipo, Mama."

"Chumba kina jiko?"

"Kuna jiko la mkweo."

"Basi kina jiko la mkwe wangu."

Ambakisye akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya ukali. "Binti, ukisema chombo na nyumba hii ikaungua, watauliza nani alisema."

"Nitakuwa nimesema mimi."

"Unaelewa utakachopoteza?"

Nilielewa. Niliinuka kabla sijaogopa zaidi, nikaweka kiganja kwenye kioo. Jiko likanitambua kwa jina.

"Fundi Subilaga. Tafadhali sema: chombo au mkono."

Nilisema.

"Sauti haijasikika. Tafadhali rudia."

Kusema kweli nusu kwa sauti ndogo ni rahisi, mtu unaweza kujifanya hukusema. Jiko lilinitaka niseme kama watu wanavyosema. Nyuma yangu hakuna aliyesogeza hata sahani.

"Chombo," nikasema, na neno likajaa jikoni kote.

"Asante. Mkono wa Tupokigwe umefunguliwa. Kumbukumbu zinaanza upya."

Bibi hakushangilia. Alikuja akasimama karibu nami, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, akaurudisha bila kugusa.

"Ndaga fijo," akaniambia, asante ya kwetu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Sitawasha nikiwa peke yangu. Mchana atakuja huyu, anakaa hapo chini tu, penye mabati mekundu. Usiku nitakula kilichobaki mchana. Naahidi."

"Amekubali?"

"Bado sijamuuliza."

Ambakisye karibu acheke, ikamshinda. "Mama, na ukiisahau ahadi?"

Nilidhani atakasirika. Alichukua sahani ya mwanawe, akakwangua ndizi zilizobaki, akaziweka kwenye yake.

"Ndiyo maana nimeisema mbele ya watu wawili," akasema.

Ambakisye akainamisha kichwa. Akachukua kitambaa kigumu cha mawaridi kilichokuwa juu ya kiti, akakigeuzageuza, asijue akiweke wapi, mwisho akakitundika kwenye msumari ukutani. Mimi nikafunga boksi langu. Mlangoni Bibi alinishika kiwiko.

"Unakuja kesho, au nilisema kwa niaba yako bure?"

"Nakuja."

"Sikusikia."

"Nakuja, Bibi," nikasema kwa sauti.

Nikashuka mteremko kati ya mashamba ya chai, matope yakinivuta viatu. Sikujua kama nilikuwa nimefanya vyema. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba katika watu wawili waliosikia ile ahadi, mmoja alikuwa anarudi Mbeya jioni ile, na kuanzia kesho mchana mimi ndiye nisiye na ruhusa ya kusahau.